Kiganja Chako Kwenye Seli B1

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu,

Leo nimepata wazo kubwa. Usicheke. Ulikuwa na tabia ya kucheka kabla sijamaliza kusema, na mara nyingi hukukosea, lakini hili ni wazo la kweli.

Kwanza habari mbaya. Mifupa anakitaka chumba changu. Unamkumbuka, mwalimu wa biolojia, yule anayetembea na kiunzi cha mifupa cha plastiki begani kama anampeleka mgonjwa hospitali. Amemwambia Mama Mkuu kwamba chumba cha kompyuta kina mwanga mzuri kwa hadubini zake. Ameongeza kwamba kwa miaka mitatu nimewafundisha watoto kuandika barua za kuomba ruhusa tu, na wameiva kweli, maana siku hizi nusu ya darasa lake ina ruhusa.

Mama Mkuu kaniita ofisini. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiona somo la maana, chumba kinabaki kwangu. Asipoona, Jumatatu ijayo ufunguo unakwenda kwa Mifupa, nami narudi kufundisha hesabu kwenye lile darasa la nyuma ya vyoo.

Sikumwambia kwa nini siwezi kurudi kule. Kule hakuna dirisha linalotazama jiko. Wewe hupo tena jikoni, najua, ni miezi tisa sasa tangu uondoke. Lakini dirisha lipo. Na kompyuta kumi na mbili bado zinavaa vifuniko ulivyozishonea kwa lile pazia la maua. Kila asubuhi navivua, navikunja mara nne kama ulivyonielekeza, naviweka juu ya kabati.

Sasa wazo. Nitawafundisha fomula za lahajedwali, yale majedwali ya kompyuta yanayopiga hesabu yenyewe, kwa kutumia chakula. Kila mwanafunzi ataandika alichokula, kompyuta itazidisha na kujumlisha, na mwisho tutajua nani kapata protini kiasi gani. Hesabu, kompyuta na afya kwa mpigo mmoja. Mkaguzi atalia.

Na kuna siri ndani yake. Nitatumia kipimo chako. Daftari lako la jikoni ninalo mimi. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wako wa kulala: "Maharage. Kiganja kimoja kwa kila mtoto, na kimoja cha mgeni." Miaka kumi na tisa hukugusa mizani. Nataka wote waone kwamba ulikuwa sahihi.

Nimeazima mizani ya maabara kwa Mifupa. Nimemwambia nataka kupima chaki. Akauliza chaki ipi. Nikasema nyeupe. Amenitazama sana.

Nimechota maharage makavu kwa kiganja changu, nikapima. Gramu 118. Safi. Nimeandika kwenye daftari langu: Kiganja cha Mwenzangu, gramu 118.

Jumanne, 4 Machi

Somo limefana. Sijisifu, naeleza tu.

Wanafunzi thelathini na wanane, watatu watatu kwa kompyuta, na wawili waliobaki nikawapa yangu. Nimewaambia ukurasa wa lahajedwali ni kama jengo lenye vyumba. Kila chumba kinaitwa seli, na kila seli ina anwani yake. Safu B, chumba cha kwanza: B1. Ukitaka kompyuta ifikiri, anza na alama ya sawasawa. Usipoanza hivyo, itanakili ulichoandika kama karani mvivu.

Mfano huo wa karani nimeutunga papo hapo. Wamecheka. Hata Sindano ametabasamu. Sindano ni yule binti mwembamba wa dawati la mbele, mtoto wa fundi cherehani, anayeongea mara moja kwa wiki.

Tumeanza na kifungua kinywa. Mmoja kaandika "chai ya jana". Mwingine kwenye nafasi ya gramu kaandika "nilichelewa", kisha akaiambia kompyuta izidishe nilichelewa mara mbili. Kompyuta imegoma. Nimemwambia hata mimi ningegoma.

Kisha maharage ya mchana. Hapa ndipo nilipong'ara. Katika B1 nimeweka kiganja chako, 118. B2 nimeweka upawa wa jikoni, gramu 180. B3 nimeweka maharage makavu ya sufuria kubwa, kilo kumi na tatu, yaani gramu 13,000. Upawa na sufuria tutavihitaji siku nyingine, lakini nilitaka ukurasa uonekane umeshiba. Pembeni, majina ya wanafunzi wote thelathini na wanane.

Kwa mwanafunzi wa kwanza nimeandika fomula: chukua B1, zidisha kwa 0.22, kwa sababu katika kila gramu mia za maharage makavu kuna kama gramu ishirini na mbili za protini. Jibu: karibu gramu 26. Lengo la mlo wa mchana, kwa mujibu wa kitabu cha afya cha shule, ni 15. Ishirini na sita, mwenzangu. Ulikuwa unawalisha kama wanariadha.

Kisha nikashika kona ya ile seli na kuivuta chini hadi jina la mwisho. Fomula moja, majibu thelathini na manane, kufumba na kufumbua. Darasa zima limesema "aaah". Kengele ikalia hapo hapo.

Sikuyasoma majibu mengine. Ya nini? Fomula ni ile ile.

Nimechapisha mchoro wa nguzo, nguzo moja kwa kila mtoto, na kichwa cha habari kwa wino mwekundu: AFYA YA WANAFUNZI WETU. Kesho asubuhi unakwenda kwenye ubao wa matangazo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeubandika saa moja kasoro. Saa moja na robo kulikuwa na umati.

Nimesimama nyuma yao, mikono mgongoni, nikisubiri pongezi.

Mtu wa kwanza kwenye mchoro amekula gramu 26 za protini. Sawa. Wa pili karibu gramu 40. Sijui kwa nini, lakini ni kijana mnene, nikaona inawezekana. Wa tatu, Sindano, amekula gramu 2,860. Nguzo yake imepanda hadi juu ya karatasi ikatoka nje. Wengine wote, watoto thelathini na watano, sifuri.

Kwa mujibu wa ubao wangu, shule inawashindisha njaa watoto thelathini na watano na chakula chote anakimaliza Sindano.

Mifupa kaung'oa mchoro na kuuleta chumba cha walimu, akausoma kwa sauti kama taarifa ya habari. Ameuliza kama anaweza kumhamishia Sindano maabara, maana mtu wa kula karibu kilo tatu za protini kwa mlo mmoja na bado akapita chini ya mlango bila kuufungua, sayansi inamhitaji. Walimu wamecheka mpaka mmoja akamwaga chai. Halafu Mifupa ameuliza kuhusu mizani yake. Amesema chaki lazima iwe imeshapimika.

Nimesema kompyuta namba saba ina virusi.

Saa sita nimekwenda dirisha la jiko na sahani yangu. Unajua mdogo wako ndiye mpishi sasa. Hakunitazama. Amesema subiri, shemeji, chako kipo tayari. Akaleta sahani iliyofunikwa vizuri kwa sahani nyingine, na kitambaa juu. Heshima hiyo sijaiona tangu ulipoondoka. Nimekwenda nayo hadi mezani mbele ya walimu wote, nikafunua.

Tupu. Katikati kuna kikaratasi: "Sifuri. Kama ulivyoandika."

Mkono wa mdogo wako unafanana na wako hadi kwenye mwandiko.

Mama Mkuu kaniita tena. Hakugomba, na hilo ndilo baya. Amesema, mwalimu, mimi najua una msiba, na sote tulimpenda mama yule, lakini mkaguzi hatakagua msiba. Keshokutwa nionyeshe somo, si tangazo la njaa. La sivyo ufunguo huo uuache mezani kwangu.

Nimeshinda na njaa hadi jioni. Nimekula mkate mkavu na chumvi. Sijui una protini kiasi gani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilikuwa na mipango mitatu. Wa kwanza, kuikata kompyuta namba saba waya ili ushahidi upotee. Wa pili, kujifanya mgonjwa Ijumaa. Wa tatu, kumwomba Sindano ale sana mbele ya mkaguzi.

Sikuutekeleza hata mmoja. Wakati wa mapumziko Sindano mwenyewe kaja mlangoni. Nilikuwa nafunika kompyuta. Amesema, shikamoo mwalimu. Nikasema marahaba. Nikajiandaa kumwomba radhi, maana tangu jana shule nzima inamwita Sufuria.

Hakuja kwa hilo. Amesema fomula inateleza.

Nikamuuliza inateleza vipi. Akaketi, akanionyesha. Ukiivuta fomula chini, na anwani inashuka nayo hatua moja moja. Mwanafunzi wa kwanza amepimwa kwa B1, ambayo ni kiganja. Wa pili kwa B2, upawa. Wa tatu, yeye, kwa B3, sufuria nzima. Kuanzia wa nne seli ni tupu, kwa hiyo sifuri. Dawa yake ni kuweka alama ya dola kabla ya B na nyingine kabla ya 1. Hapo anwani imefungwa, vuta utakavyo, haiondoki B1.

Nimemwambia nilijua. Nilikuwa nawapima kama mtagundua.

Amesema, sawa mwalimu. Mwenzangu, ni ile "sawa" yako. Ile uliyokuwa unaisema nikirudi sokoni na kitu ambacho hukuniagiza.

Tumeweka alama za dola. Wote wakapata 26. Nikapumua. Nikasema basi, kesho tunamwonyesha mkaguzi. Sindano hakuinuka. Amesema, mwalimu, na hiyo 26 siyo.

Nikamwambia hiyo usiiguse. Hiyo ni kiganja cha mke wangu.

Akaniambia taratibu, macho kwenye kioo, kwamba shule ina wanafunzi mia na sabini na wanne. Kama kila mmoja alipewa gramu 118, jikoni wangehitaji zaidi ya kilo ishirini kwa siku. Na sufuria ni ya kilo kumi na tatu, mwalimu mwenyewe ndiwe uliyeandika. Watoto sitini wa mwisho wangekuta sufuria imekwanguliwa. Lakini mama hakuwahi kumrudisha mtu. Amesema, mimi siku zote nilikuwa mwisho wa foleni, na siku zote nilipata.

Nimevitazama vifuniko.

Nimempeleka jikoni. Mdogo wako alikuwa anachambua mchele. Akasema, leo umekuja kuniandika nini, shemeji, mchawi? Nimemwomba radhi mbele ya wasaidizi wake wote wawili. Akasema rudia, yule wa pili hakusikia. Nikarudia. Sindano akamweleza shida.

Mdogo wako kaniambia ninyooshe mkono. Nikanyoosha. Akacheka hadi akashika meza. Amesema, shemeji, huo ni mkono au koleo? Dada alikuwa na kiganja kama hiki hiki changu. Bangili zetu tulikuwa tunabadilishana mpaka siku ya harusi yako. Wewe umechota kwa koleo lako ukasema ndiye yeye.

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Nimeushika mkono wako barabarani, hospitalini, mpaka mwisho. Na nimekuja kuandika wa kwangu nikadhani ni wako.

Mizani bado ninayo. Mdogo wako akachota maharage makavu, akakunja vidole kidogo kama ulivyokuwa unafanya, akamimina. Gramu 74.

Sindano alikuwa ameshapiga hesabu kwenye kikaratasi. Kilo kumi na tatu kwa watoto mia na sabini na wanne, karibu 75. Akaguna kwamba haikai sawa. Mdogo wako akasema, umemsahau mgeni. Kiganja kimoja ni cha mgeni. Kwa hiyo mia na sabini na watano. Akagawa tena. Sabini na nne, na kijisehemu.

Nimesema moshi wa jiko umeniingia machoni. Mdogo wako hakubisha. Amenipakulia sahani, na hii ilikuwa na chakula.

Zidisha 74 kwa 0.22. Gramu 16 na kidogo. Lengo ni 15. Mimi nilitaka 26 ili nijivune. Kumbe kila mtoto, wa kwanza na wa mwisho wa foleni, alivuka mstari, na hakuna aliyekula cha mwenzake. Bila mizani, kwa miaka kumi na tisa.

Hiyo ni zaidi ya 26. Hata mimi naliona hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Amechelewa, kwa hiyo akala kwanza, somo baadaye. Mifupa ameketi nyuma ya darasa na kiunzi chake kwenye kiti cha pembeni. Mama Mkuu mlangoni. Mdogo wako kaja na aproni yake, akasimama dirishani kwa nje, upande wa jiko.

Nimeanza kwa kuonyesha kosa. Nimesema nitaivuta fomula vibaya kwa makusudi. Darasa zima limejua si makusudi, hakuna aliyesema. Watoto wana adabu kuliko walimu. Sindano kashuka hadi sufuria, wakacheka, yeye mwenyewe akacheka. Kisha nikamwita aje arekebishe. Ameweka alama mbili za dola, akavuta. Nguzo thelathini na nane zikasimama sawa kama askari wa gwaride, zote juu kidogo ya mstari wa lengo.

Hapo ningekaa kimya. Lakini nimenogewa. Nikasema, watoto, sasa tumjaribu mgeni wetu.

Wamemuuliza alichokula. Kasema maharage, kidogo tu. Mdogo wako akasema kutoka dirishani kwamba aliongezewa, aliomba mwenyewe. Viganja viwili. Wakaandika 2. Kompyuta ikajibu karibu gramu 33, na asilimia mia mbili na kumi na saba ya lengo. Projekta ikayaweka ukutani, kwa herufi kubwa.

Mama Mkuu amekohoa. Mifupa amefurahi mpaka kiunzi kikatikisika.

Mkaguzi ameutazama ukuta. Kisha akauliza, kiganja cha pili ni cha nani? Nimekula cha mtu?

Sindano ndiye aliyemjibu. Amesema leo mmoja wetu hakuja, kwa hiyo hukula cha mtu. Mkaguzi akauliza hii 74 mmeitoa kitabu gani. Sindano akasema haimo kitabuni. Ni mkono wa mpishi wetu, marehemu. Tumeufunga pale B1 ili usiondoke.

Dirishani mdogo wako alijifuta uso kwa aproni.

Mkaguzi kauliza nani aliyeugundua. Mwenzangu, nikuambie ukweli, "mimi" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema ni yeye. Kisha nikaongeza kwamba nilimfundisha mimi. Sikuweza kujizuia kabisa.

Ameandika kwa kalamu zote tatu. Chumba kinabaki cha kompyuta. Mifupa akaomba angalau Jumatano mchana alete darasa lake, wapime vyakula pamoja na sisi. Mkaguzi akasema wazo zuri sana. Nami nimekubali kwa ukarimu mkubwa, nikamrudishia mizani yake. Ameniuliza chaki ilikuwa na uzito gani. Nikamwambia sabini na nne.

Ufunguo ninao. Nimezifunika kompyuta mwenyewe, zote kumi na mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenzangu,

Nina wazo kubwa.

Kama watoto wamepimika, walimu je? Asubuhi nimezunguka chumba cha walimu na kikombe, nikamwuliza kila mmoja anakunywa maji vikombe vingapi kwa siku. Katika B1 nimeweka kikombe. B2 nimeweka jagi, B3 nimeweka lile pipa la nje, ili ukurasa uonekane umeshiba. Nikaandika fomula moja, nikashika kona, nikavuta chini. Kufumba na kufumbua.

Sindano kapita mlangoni, akauliza, mwalimu, umeifunga anwani? Nikamwambia binti, mimi ndiye niliyekufundisha. Akasema sawa mwalimu.

Nimechapisha. Kichwa cha habari kwa wino mwekundu: MAJI NA WALIMU WETU. Mifupa, wa tatu kwenye orodha, anakunywa lita mia nane kwa siku. Nimeshtuka kidogo, lakini ukifikiria anavyokwenda chooni, inawezekana. Mama Mkuu, wa nne, hanywi kabisa. Nitamshauri kwa upole.

Nimeubandika saa nne kasoro. Nasikia umati.

Kabla sijatoka kupokea pongezi, jambo moja. Ule ukurasa wa maharage sikuufuta. Kiganja chako kipo pale pale, B1, dola mbele na dola katikati, vuta utakavyo hakiendi popote. Mimi ndiye ninayeteleza.

Huko uliko, nikumbuke.